Nosi kwenye Altezza: pistoni gani, na uziandae vipi kabla ya kufunga

Swali: "Mzee, habari ya kazi. Niko Mbarara, nina Altezza RS200 ya gia za mkono, injini 3S-GE. Inakula oili kwa hivyo lazima ifunguliwe, na nikishaifungua nataka niiandae kabisa kwa nosi (gesi ya naitrasi ya kuongeza nguvu), shoti ya 75, yaani farasi 75 za ziada, baadaye labda 100. Muuzaji mmoja wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ameniwekea pistoni ovasaizi 0.50 (kubwa kwa nusu milimita) za kawaida, anasema zinatosha. Rafiki yangu anasema bila fojidi (pistoni za kufuliwa) nitachoma injini wiki ya kwanza. Nani mkweli? Na kama ni fojidi, kuna kazi ya kufanya kabla ya kuzifunga ama zinaingia tu hivyo hivyo kutoka kwa boksi?"

Kijana wangu, wote wawili wanasema nusu, na ile nusu waliyoiacha ndiyo inakula hela za watu. Muuzaji anakuuzia alicho nacho kwenye rafu, hiyo si dhambi. Rafiki yako naye anadhani fojidi ni dawa, ukishaimeza hakuna ugonjwa. Pistoni za nosi zinakufa kwa joto na kwa noki (mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka ovyo ndani ya silinda), na hivyo viwili vinaletwa na petroli kupungua, taimingi (wakati plagi inapowasha) kuwa mbele sana, na ringi kukosa nafasi ya kutanuka. Ukiwa na hayo matatu vibaya hata fojidi ya bei ya shamba itatoboka, tofauti yake ni kwamba itavumilia makosa machache kabla ya kufa, na ile ya kawaida mara nyingi haikupi hata onyo.

Tuanze na kinachoingia mle ndani maana watu wengi wanafunga nosi bila kujua inafanya nini. Naitrasi yenyewe haiwaki. Ikifika kwenye joto la kama digrii 300 inavunjika inatoa oksijeni, na kwa uzito oksijeni yake ni asilimia 36 hivi wakati hewa tunayovuta ina 23. Kwa hivyo unachopata ni ruhusa ya kuchoma petroli zaidi, na ile petroli ya ziada ni lazima iwepo, isipokuwepo ile oksijeni itatafuta kitu kingine cha kula na kitu kilicho karibu ni alumini ya pistoni. Moto pia unakimbia haraka kuliko kawaida, presha inafika kileleni mapema wakati pistoni bado inapanda au ndiyo inageuka, ndiyo maana taimingi inarudishwa nyuma, kanuni ya mafundi wengi ni digrii 2 kwa kila farasi 50.

Sasa sikiliza hii vizuri maana ndiyo inavunja pistoni nyingi kuliko ukubwa wa shoti. Jeti ya nosi, kile kitundu kinachopima gesi, inamwaga kiasi kile kile kwa sekunde, injini iwe inazunguka pole pole au inalia. Farasi 75 kwenye mizunguko 7,500 ni kama Nm 71 za ziada (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), hiyo injini yako inabeba bila kulalamika. Ukibonyeza kwenye 2,500 zile zile 75 zinakuwa kama Nm 214, na injini yako nzima kutoka Toyota ni Nm 216. Yaani kila mlipuko mmoja unabeba karibu mara mbili ya kawaida, na pistoni inakwenda pole pole hapo juu, inakaa kwenye moto muda mrefu. Kwa hivyo weka swichi ya mizunguko, nosi isifunguke chini ya 4,000, na ifunguke tu wakati mguu umekanyaga mpaka chini. Hiyo swichi ni rahisi kuliko pistoni moja na inaziokoa zote nne.

Na wewe uko Mbarara, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa imepungua kama asilimia 13 ukilinganisha na pwani. Zile farasi 210 zilizoandikwa kwenye karatasi za Japani huko kwenu ni kama 180. Nosi haijali mwinuko kwa sababu inakuja na oksijeni yake kwenye chupa, ndiyo maana huku kwetu mtu akiifunga anashtuka vile gari linavyobadilika. Lakini huo upungufu wa hewa pia ndio unakupa nafuu ya noki bila wewe kujua. Ukishaseti kila kitu Mbarara kikawa kizuri alafu ukapeleka gari Mombasa na taimingi ile ile, hewa nzito ya kule inarudisha presha yote na ile nafuu imeisha. Nimeona watu wanalaumu petroli ya Kenya bure.

Haya, pistoni zenyewe.

Za kawaida, zile za kumiminwa kwenye kalibu, kama hizo za Kisekka. Ni ngumu, zinatanuka kidogo, hazipigi kelele asubuhi, bei nzuri. Ubaya wake hazijui kupinda. Noki ikipiga, ule ukingo mwembamba wa alumini kati ya ringi ya kwanza na ya pili unakatika, kipande kinashuka na kupanda kinakwaruza silinda, na injini inaanza kutoa moshi wa bluu kwa silinda moja. Kuna zingine za kumiminwa zenye silikoni nyingi, asilimia 16 mpaka 18, hizo zina nguvu zaidi na zinatanuka kidogo sana, ila joto linabaki juu kwenye kichwa badala ya kushuka, kwa hivyo ringi ya kwanza inaoka na inahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Kwa injini ya silinda nne ambayo haijaguswa ndani, kipimo ambacho wengi wanakubaliana ni shoti ya 40 mpaka 60. Ndani ya hapo, petroli ikitosha, taimingi ikirudishwa, pistoni ya kumiminwa inaishi. Muuzaji wako kwa hivyo hakudanganya, isipokuwa hukumwambia 75 na 100, ama ulimwambia akaamua hakusikia.

Za fojidi ni zile zilizofuliwa, alumini imebanwa kwa presha kubwa ikashikana. Hapa ndani kuna madaraja mawili na muuzaji asiyeweza kukuambia ni daraja gani mwache na boksi lake. Ya kwanza ni alumini ya namba 4032, ina silikoni kama asilimia 12. Inatanuka kidogo, kwa hivyo inafungwa karibu na ukuta wa silinda, haigongi sana ikiwa baridi, mifereji ya ringi inadumu, hii ni nzuri kwa gari la kwenda kazini kila siku lenye nosi ndogo. Ya pili ni 2618, silikoni karibu hakuna. Hii inatanuka zaidi, inataka nafasi kubwa kwenye silinda, asubuhi inagonga gonga mpaka ipate moto na jirani atakuuliza kama injini imekufa, na inachakaa mapema kidogo. Lakini ikipigwa na noki inabonyea kama sufuria iliyoanguka, haipasuki kama chungu. Kwa nosi ya 100 juu ya kompresheni yako (kiasi mchanganyiko unavyobanwa) mimi nasema 2618, na kelele za asubuhi uzivumilie. Ungeniambia 75 ndio mwisho, na gari ni la kila siku Mbarara–Kampala, ningekuambia 4032 ulale salama. Ila nyinyi vijana mkianza 75, mwezi wa pili mnataka 100.

Kampuni kama Wiseco, JE na CP zinatengeneza kwa kuagiza, unawapa vipimo. Usikubali mtu akuambie chukua tu za 3S-GTE ya turbo kwa sababu boa (upana wa silinda) ni mm 86 zote. Boa ni sawa kweli, lakini mifuko ya valvu na chumba cha hedi si sawa na kompresheni inashuka mbali mno, utakuwa na gari zito ambalo halivuti mpaka ubonyeze nosi. Na angalia feki. Boksi kuandikwa fojidi si ushahidi. Igeuze pistoni uangalie tumboni: ya kumiminwa mara nyingi ina alama za kalibu, mistari ya kuungana na kona nyingi ndogo ndogo, ya kufuliwa ni safi, mikunjo yake mikubwa na laini, imechongwa kwa mashine. Ile ya kweli inakuja pia na kadi yenye namba ya alumini, nafasi ya silinda na mahali pa kupimia. Kadi hakuna, usinunue.

Kwenye kuagiza kuna vitu uwaambie wazi kwamba ni ya nosi. Kwanza kichwa kiwe kinene, na ringi ya kwanza ishushwe mbali na moto, 6 mpaka 8 mm kutoka juu, kama urefu wa pistoni unaruhusu. Magari ya kiwandani yanapandisha ringi juu kwa ajili ya moshi safi, wewe shida yako ni nyingine. Pili pini iwe ya ukuta mnene, maana nosi inapinda pini, na pini ikipinda inapasua pistoni kutoka chini wakati wewe unaangalia juu. Tatu kompresheni. Ya kwako ni 11.5 kwa 1 kutoka kiwandani na ukipanua boa kuwa 86.5 bila kubadilisha kingine inapanda kama 11.6, watu wanasahau hii. Kwa petroli ya pampu zetu na shoti ya 100 ishushe mpaka kwenye 10 hivi. Hesabu yake ni rahisi: kila silinda ina cc 500, chumba cha juu sasa ni cc 47 na nusu hivi, kukifikisha 10 unahitaji karibu cc 56, basi pistoni ichongwe shimo la cc 8 zaidi. Ifanywe kwenye pistoni. Fundi akikuambia ataweka hedi gasketi nene au mbili, mkatalie, ule ubapa wa pembeni unaobana mchanganyiko ukiuweka mbali na hedi unaita noki mwenyewe.

Ringi ya kwanza iwe ya chuma cha stili. Za chuma cha kumimina zinakatika, na zile zilizopakwa molibdeni ni nzuri kwa magari ya kawaida, lakini noki inaweza kuzibandua ule mpako.

Swali lako la mwisho ndilo zuri zaidi, kwamba zinafungwa hivyo hivyo. Hapana ssebo. Pistoni kutoka kwa boksi ni kazi nusu.

Jambo la kwanza kabisa, usipige boa kabla pistoni hazijafika mkononi. Mafundi wetu wanapenda kupiga boa 86.50 juma hili na pistoni zije mwezi ujao. Pistoni inapimwa kwanza, kwa maikromita, kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), mahali kadi inaposema, upande ulio digrii 90 kutoka kwa pini na si upande wa pini maana pistoni si duara kamili. Alafu silinda inapigwa kufuata pistoni ile, kila moja na namba yake. Kwa boa kama yako 4032 mara nyingi inataka kama 0.05 mpaka 0.075 mm, na 2618 kama 0.075 mpaka 0.10, lakini kadi ndiyo bosi, na kama kadi ina mstari wa nosi fuata huo. Pima vyote vikiwa joto moja. Bloku likishinda juani uani kwa fundi na pistoni ziko kwenye boksi ndani, namba zako zote ni uongo. Asubuhi mapema, kivulini, vyote vilale chumba kimoja.

Bloku lako ni chuma cha kumimina, hilo ni bahati, lina nguvu. Hata hivyo ukikaza boliti za hedi silinda zinajipinda kidogo, kwa hivyo honi ya mwisho (kusugua silinda kwa mawe) ifanywe na bamba nene la chuma limefungwa juu na boliti zimekazwa kama hedi ingekuwepo. Mashine nyingi za Kampala hazina bamba la 3S. Litengeneze, kata chuma cha 50 mm, mafundi wa Katwe wanatoboa matundu vizuri ukiwapa gasketi ya zamani kama kielelezo. Utakuwa nalo maisha na wenzako watakuja kulikodisha.

Sasa ringi, hapa tukae kidogo. Ringi ina mwanya kwenye ncha zake, na ule mwanya ndio nafasi yake ya kupumua. Kipimo cha gari la kawaida kwa boa 86.5 ni kama 0.35 mm. Mzunguko wa ringi yako ni kama 272 mm, na kila ikipata joto la digrii 100 juu ya ukuta wa silinda inarefuka karibu 0.3. Piga hesabu mwenyewe. Na nosi inaongeza joto lile kwa sekunde chache, silinda inapozwa na maji haijapata hata habari. Ncha zikikutana ringi haina pa kwenda, inabana ukuta, inakwaruza, alafu inang'oa ukingo wa pistoni na kuuinua juu. Ukifungua utaona ncha zote mbili zinang'aa kama zimepigwa msasa, hapo usitafute mchawi. Kwa nosi zidisha boa kwa 0.006 mpaka 0.007, unapata 0.52 mpaka 0.61. Wewe weka 0.56 kwa ringi ya kwanza, hiyo inakubeba mpaka 100 bila kufungua injini tena, na ya pili iwe kubwa kidogo kuliko ya kwanza, 0.60 mpaka 0.65, ili presha inayopenya isinaswe katikati ikaanza kuinua ringi ya juu. Wenye hofu watakuambia mwanya mkubwa unapoteza kompresheni. Ikiwa baridi, kidogo. Ikishapata moto unajifunga wenyewe.

Namna ya kuuchonga: ingiza ringi kwenye silinda yake, isukume chini kama 25 mm ukitumia pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, pima kwa fila geji ambayo inapita kwa kubanwa kidogo tu. Itoe, chonga ncha moja pekee ile nyingine ibaki ikuongoze, msasa uende kutoka nje kuelekea ndani ili uso unaogusa silinda usibanduke, mara mbili tatu, rudisha, pima. Ukizidisha hakuna kurudi. Ukimaliza pitisha jiwe laini kwenye kona ziondoke zile nywele za chuma. Andika namba ya silinda kwenye karatasi ya kila ringi na usimwachie mtoto wa gereji azichanganye. Kazi hii inachukua nusu siku kwa mtu mtulivu, fundi akikuambia amemaliza zote kwa saa moja, zitoe upime mwenyewe.

Kona kali kwenye kichwa cha pistoni, hasa pembeni mwa mifuko ya valvu, zilainishe kwa msasa mwembamba. Kona nyembamba inakuwa nyekundu ndani ya moto na inawasha mchanganyiko kabla ya plagi, na hiyo ni mbaya kuliko noki, inatoboa pistoni kwa sekunde. Usichonge sana, unataka tu kidole kisikwaruzike. Alafu pima nafasi ya valvu: weka udongo laini wa watoto wa shule kwenye mifuko, funga hedi na gasketi ya zamani iliyobanwa, zungusha kwa mkono mara mbili, fungua, kata udongo upime unene. Zisipungue 2 mm upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosi. Injini yako ina VVT-i (mfumo unaosogeza kemshafti) pande zote mbili, kwa hivyo kipimo ukichukue na kemshafti zikiwa zimesogezwa mpaka mwisho wa mwendo wake, vinginevyo umepima injini ambayo haipo.

Pima uzito, pistoni na pini na ringi na klipu, zote nne zipishane si zaidi ya gramu 1, mizani ndogo ya dijitali inatosha. Nzito ichongwe ndani karibu na mapembe ya pini, kichwa usiguse. Mpako wa kauri juu na wa kulainisha kwenye sketi ni mzuri kama unakuja kutoka kiwandani, ila usiukimbilie kabla hujamaliza haya mengine. Konrodi zako na boliti zake pia ziangaliwe, boliti mpya za kweli ni lazima, zile za zamani zimeshavutwa. Kabla ya kufunga osha bloku kwa sabuni na maji ya moto na brashi, petroli inasambaza tu vumbi la honi, kausha, pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kikitoka kijivu rudia.

Ikishawaka iendeshe kilomita 500 mpaka 1,000 bila nosi, oili ya kawaida isiyo sinthetiki, mwaga, badilisha filta. Najua utashawishika.

Vitu vya nje ya pistoni ambavyo vinaua pistoni nitavipitia haraka isipokuwa kimoja. Pampu ya petroli iwe kubwa na uweke swichi ya presha inayokata nosi petroli ikishuka. Plagi ziwe za baridi kwa namba moja au mbili, kwa NGK namba ikipanda ndio ubaridi, kwa Bosch ni kinyume, na mwanya wa plagi uwe 0.7 mpaka 0.8. Hicho kimoja ni chupa. Presha ya chupa inafuata joto: nyuzi 20 ni kama ba 50, nyuzi 30 ni kama 63, na ikipita 36.4 naitrasi haina tena maji wala mvuke, inakuwa kitu kimoja na presha inapanda ovyo. Seti nyingi zinapimwa kwa ba 62 mpaka 65. Buti la gari lililolala juani Mbarara saa nane mchana linapita hapo bila shida, nosi inaingia nyingi, petroli ni ile ile, mchanganyiko unakuwa mkavu, na ukingo wa pistoni upande wa ekzosi unayeyuka. Asubuhi ya Kabale ni kinyume, presha iko chini, gari linakohoa moshi mweusi. Weka geji ya presha mahali unapoiona ukiwa kwenye kiti, ifunike chupa na kitambaa kilicholowa kama ni moto. Kuipasha na moto wa mkaa, tafadhali, mwili wako una kazi nyingine.

Na kuna fundi mmoja mtaani atakuambia oksijeni ya wachomeleaji ni rahisi na inafanya kazi ile ile. Haifanyi. Oksijeni tupu ikikutana na oili inawaka yenyewe na bomba linakuwa bomu. Ya hospitali nayo iacheni kwa wagonjwa.

Kila baada ya kubonyeza mara chache toa plagi uangalie porselini yake kwa kioo cha kukuza. Ukiona vidoti vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni pistoni inaanza kuondoka, punguza jeti au rudisha taimingi kabla hujawasha tena. Na ikifa, usitupe, isome: tundu katikati ni moto wa mapema, plagi moto au kona kali, ukingo ulioyeyuka upande wa ekzosi ni petroli, ukingo wa ringi uliokatika na juu pamepigwa madoa madoa ni noki, na mikwaruzo mirefu kwenye sketi pande nne ni nafasi ndogo ya silinda. Fundi anayekuambia "ilichoka tu" hajaangalia.

Kama unafikiria kuingia rali na hilo gari, nosi ung'oe, sheria za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinaruhusu hewa pekee kuchanganywa na petroli. Mbio za sprinti uliza waandaaji kwanza.

Sasa zile za Kisekka. Kama risiti unayo na boksi halijachafuka, zirudishe uagize 2618, na uweke akiba ya ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, pale Entebbe maana utashtuka. Kama hazirudishwi na hela ya fojidi haipo mwaka huu, zifunge hizo hizo, kompresheni iache ilivyo, mwanya wa ringi ya kwanza weka 0.52, mizunguko isiwe chini ya 4,000, na jeti ya 50 usiipite, hata wenzako wakucheke. Ukishapima silinda niandikie boa ya kila moja juu, katikati na chini, nijue kama 0.50 inatosha kweli ama unahitaji kubwa zaidi, kwa sababu injini inayokula oili mara nyingi silinda zimeshakuwa yai na ukiagiza pistoni kabla ya kujua hilo utaagiza mara mbili.